DENI HALITIBIWI KWA DENI

Wahenga wetu wametuachia kauli fupi kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kauli hiyo ni ya kweli, na hatuna nia ya kuipinga. Hata hivyo, kila dawa ina kipimo chake, na mgonjwa anayeimeza chupa nzima kwa siku moja huenda akauawa na dawa kabla ya maradhi. Mas-ala yanayotukabili leo katika visiwa vyetu si kama madeni yalipwe au yasilipwe. Mas-ala ni kwamba mtu aliyekwisha kuelemewa, ambaye madai yameshinda pato lake, alipe kwa njia gani ili wadai wapate haki yao na watoto wake wasilale na njaa.

Tunalisema hili kwa sababu limekuwa jambo la kila siku. Kila zinapokaribia sikukuu, au skuli zinapofunguliwa, wako wananchi wanaokopa si kwa ajili ya kuzalisha mali, bali kwa ajili ya kulipa mkopo wa jana. Mwalimu, mchuuzi wa samaki, mama mkulima wa mwani, dereva wa daladala, wote wamo. Wananchi wenyewe wameipa mikopo hii jina linalostahiki: kausha damu. Jina hilo halikutungwa na wataalamu wa uchumi. Limetungwa na waliokaushwa.

Tuangalie hesabu yake. Mtu akikopa shilingi 100,000 na kutakiwa arudishe 130,000 baada ya mwezi mmoja, anaona ziada ni 30,000 tu. Lakini kiwango hicho kwa mwaka ni asilimia 360. Hakuna biashara ya halali ya mtaani inayozaa faida ya namna hiyo. Kwa hiyo mkopaji hawezi kulipa kutokana na biashara. Hulipa kwa kuuza alichonacho, au kwa kukopa pahala pengine. Deni la pili huzaa la tatu, na la tatu huzaa uwongo, na uwongo huvunja nyumba.

Kwa mtumishi wa umma hali ni ya hatari zaidi. Kanuni inayofahamika katika utumishi nchini ni kwamba makato ya mshahara yasimwache mfanyakazi na chini ya theluthi moja. Kanuni hiyo ni ya busara. Lakini mkopeshaji wa mtaani haendi kwa mwajiri. Yeye huchukua kadi ya benki ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri, na siku ya mshahara hutangulia yeye kwenye mashine. Tuchukue mfano wa mtumishi wa shilingi 600,000 ambaye makato halali yamemwachia 200,000. Mwenye kadi akichukua 130,000, zinabaki 70,000 za kulisha nyumba mwezi mzima. Katika karatasi za ofisi kanuni ya theluthi imetimizwa, jikoni haipo.

Wako wanaodhani kwamba balaa hili ni geni, limekuja pamoja na simu za mkononi. Si kweli. Historia ya visiwa hivi ni historia ya deni. Katika zama za usultani na ukoloni, mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani. Kulikuwa na utaratibu ulioitwa bei khiyari: mwenye shamba aliliuza kwa sharti kwamba akirejesha fedha katika muda uliowekwa, shamba humrudia. Katika muda huo yeye mwenyewe hubakia humo kama mpangaji, analipa kodi kwa shamba lililokuwa lake. Kodi ile ilikuwa ni riba iliyovikwa kanzu. Mavuno yalikuwa na mwenyewe kabla ya karafuu kuchumwa, kama vile leo mshahara ulivyo na mwenyewe kabla ya mwezi kwisha.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930, utaratibu ule ulifika ukingoni. Mwaka 1934 serikali ya Himaya ililazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiendelee kuhamia mikononi mwa wadai, na mwaka 1938 ikaja sheria ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni. Hatuwasifu wakoloni kwa hilo. Walikuwa wakililinda zao lililokuwa uti wa mgongo wa mapato yao. Wala hatuyataji haya ili kumnyooshea kidole mtu wa kabila lolote, kwani aliyemkopesha mkulima naye mara nyingi alikuwa akidaiwa na tajiri mkubwa zaidi yake. Tunayataja kwa sababu yana funzo: hata wao walitambua kwamba deni likishapita uwezo wa mdaiwa, kumkamua zaidi hakumnufaishi mdai, na kwamba kunahitajika suluhu yenye kujulikana kisheria.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliirejesha ardhi mikononi mwa umma, na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Mwananchi aliyepewa eka tatu alikombolewa katika rehani ya shamba. Itakuwa ni aibu kwetu ikiwa mjukuu wake ataingia katika rehani ya kadi ya benki, nasi tunatazama.

Je, mwenye deni lililomshinda afanye nini? Jambo la kwanza ni kuacha kuficha. Mficha uchi hazai, na mficha deni halipi. Wengi wetu tumelelewa kuona kudaiwa ni fedheha. Mtu huzima simu, hubadilisha njia ya kurudi nyumbani, humficha mkewe au mumewe. Muda wote huo riba haijifichi; inaendelea kupanda. Tuliosoma chuoni tunajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, na kwamba karibu yake, katika aya ya 280, umo muongozo wa kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Kuandikiana na kupeana muhula ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Asiyetaka kuandika asitarajie muhula.

Jambo la pili ni kusimamisha kabisa ukopaji wa kulipia mikopo. Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha tahariri hii, ni kuyatoa madeni yote katika giza na kuyaweka katika daftari moja, mbele ya wadai wote, kwa mapatano rasmi ya maandishi.

Tutoe mfano wa mchuuzi anayedaiwa jumla ya shilingi 2,400,000: benki 1,200,000, chama chake cha akiba na mikopo 600,000, mkopeshaji wa mtaani 360,000 na mwenye duka 240,000. Baada ya chakula, kodi ya nyumba na mtaji wa kesho, anaweza kutenga 100,000 kwa mwezi. Akimkimbilia anayepiga kelele zaidi, atamlipa mkopeshaji wa mtaani peke yake, na wengine watatu watamshitaki. Lakini wakikubaliana kwamba riba isimame na kila mmoja apate kwa kadiri ya haki yake, benki itapata 50,000 kwa mwezi, chama 25,000, mkopeshaji 15,000 na mwenye duka 10,000. Katika miezi 24 daftari limefungwa. Hakuna aliyedhulumiwa, na mchuuzi bado yuko sokoni. Mdai mwenye akili atalipenda hili, kwani mchuuzi aliyenyang'anywa mizani na boksi la barafu hawezi kumlipa mtu yeyote.

Mapatano hayo yasifanywe kwa maneno matupu barazani. Yaandikwe, yatiwe saini mbele ya mashahidi, na kila malipo yawe na stakabadhi. Asiyejua sheria asione haya kuuliza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwahudumia wananchi tangu mwaka 1992, na tangu mwaka 2018 tunayo sheria ya msaada wa kisheria. Suluhu ikishindikana, mahakama ipo, na mahakama ina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa mafungu. Wananchi wengi huiogopa mahakama kana kwamba ni ya mdai peke yake. Mdaiwa anayefika kwa miguu yake, na daftari lake mkononi, husikilizwa tofauti na yule anayeletwa kwa hati ya kukamatwa.

Hata hivyo, tusiwadanganye wasomaji wetu. Njia hii si nyepesi. Miezi 24 ya kujinyima ni mingi. Harusi ya binti itakuwa ndogo, na jirani atajua. Wala njia hii si kichaka cha kujifichia wale wanaokopa huku wamekwisha kuazimia kutolipa. Hao ni wezi wa jasho la wenzao, na fedha za vyama vya akiba ni jasho la wanyonge. Tunayemtetea ni yule anayetaka kulipa lakini hawezi kulipa kwa namna anavyodaiwa.

Sasa tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali, kwani mzigo huu si wa mwananchi peke yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila ya kibali, na kuwataka wananchi wajiepushe nazo. Hatua ile ilikuwa nzuri. Lakini kuufunga mlango mbovu hakutoshi ikiwa mlango mzuri haujulikani ulipo. Wakuu wa taasisi wahakikishe kwamba theluthi ya mshahara inamfikia mfanyakazi kweli, na kitendo cha kushikilia kadi ya benki ya mtu mwengine kichukuliwe kuwa ni kosa, si mapatano. Masheha, ambao ndio wa mwanzo kuletewa ugomvi wa madeni, wapewe maelekezo ya namna ya kuwaelekeza wananchi kwenye msaada wa sheria badala ya kuamua kwa kukisia.

Aidha, wakati umefika wa kujiuliza kama sheria zetu zinamfaa mdaiwa mdogo. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ufilisi ya mwaka 2015, wameweka utaratibu mwepesi unaomwezesha mtu wa kawaida kupata amri ya kulipa madeni yake yote kwa mafungu chini ya usimamizi, na utaratibu mwengine kwa asiye na mali kabisa. Hatusemi tuige kila kitu cha jirani. Tunasema kwamba kufilisika si jambo la makampuni tu, na muuza samaki naye anastahiki mlango wa kupitia unaolingana na kimo chake.

Wahenga hao hao walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tunaongeza kwamba hata matanga yana siku ya kuanuliwa. Mwenye deni aandike, aseme, na alipe kwa kipimo. Mdai avute subira ili apate chake chote. Serikali nayo iusimamishe utaratibu, na iwafahamishe wananchi kwamba upo. Tukishindwa katika haya matatu, damu itaendelea kukaushwa kimya kimya katika nyumba zetu.