Ukongwe si Ubovu

Wako watu ambao wakiona jengo la kale huuliza swali moja tu: litabomolewa lini? Kwao umri ni kosa. Hudai kwamba kitu cha jana hakiwezi kuitumikia leo, na kwamba anayekitetea ni adui wa maendeleo. Ewe msomaji, maneno haya utayasikia mara nyingi maishani mwako, tena yakisemwa kwa sauti kubwa. Usiyakubali kabla ya kuyapima, na kipimo ninachokupa ni daraja moja la matofali.

Daraja hilo liko Kuldīga, mji mdogo ulio magharibi mwa nchi ya Latvia, huko Ulaya. Lilijengwa mwaka 1874 juu ya Mto Venta, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya dola ya Urusi. Urefu wake ni mita 164, nalo lina matao 7. Ni mojawapo ya madaraja marefu kabisa ya matofali yaliyojengwa kwa ajili ya barabara barani Ulaya. Waliolijenga walilipa upana wa kutosha magari mawili ya farasi kupishana. Uangalie vizuri mwaka huo. Karl Benz alipata hati ya uvumbuzi wa gari lake la petroli mwaka 1886, yaani miaka 12 baadaye. Basi wajenzi wale hawakuwa na habari ya motokaa, walakini kazi ya mikono yao ilikuja kuzibeba. Je, hiyo ndiyo kazi isiyoweza kuitumikia leo?

Mbomoaji husema, "Cha kale ni dhaifu." Asemaye hivyo hajajifunza siri ya tao. Tofali la udongo wa kuchoma huvumilia sana kugandamizwa, lakini huvunjika upesi likivutwa au likipindwa. Kwa sababu hiyo fundi huyapanga matofali kwa mviringo juu ya kiunzi cha mbao. Kiunzi kikiondolewa, kila tofali huliegemea jirani yake, na uzito upitao juu huyabana yote pamoja, kisha hushuka kwenye nguzo hadi ardhini. Tena matao yaliyo jirani husukumana pale nguzoni, moja likilizuia jingine. Adui wa daraja kama hilo si miaka. Adui wake ni maji yanayopenya katika viungo na kuganda kuwa barafu wakati wa baridi, na mtu aliyepewa kazi ya kulitunza akaiacha.

Adui mwingine ni vita. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, matao 2 kati ya yale 7 yalilipuliwa. Hapo mbomoaji angepata hoja iliyo bora kuliko zake zote, kwa maana daraja lilikuwa limekatika kweli. Latvia ilijitangazia uhuru mwaka 1918, ikiwa taifa changa lililotoka vitani, nayo ilikuwa na sababu nyingi za kusema haina fedha. Hata hivyo, daraja lilirudishwa mwaka 1926. Mwaka 2008 lilitengenezwa tena. Na mwaka 2023 Mji wa Kale wa Kuldīga uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, orodha ile ile iliyo na Mji wa Kale wa Lamu tangu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu mwaka 2011.

Mbomoaji husema tena, "Kutunza ni ghali." Ni kweli kwamba fedha hutumika. Lakini kubomoa nako kuna gharama, na kujenga upya kuna gharama kubwa zaidi. Wazee walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aghalabu ubovu unaoonyeshwa kwa kidole ni matunda ya matengenezo yaliyoahirishwa mwaka baada ya mwaka. Mlinzi aliyelala hugeuka shahidi, akalishtaki jengo kwa kosa lake mwenyewe!

Sisemi kwamba kila cha kale kihifadhiwe. Daraja likihatarisha maisha ya watu, na lifungwe leo. Magari yakizidi nguvu zake, na lijengwe jingine kando yake. Ninachokikataa ni hukumu isiyotanguliwa na uchunguzi, na ile tamaa ya kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wewe uliye darasani leo ndiwe mhandisi, diwani na mlipa kodi wa kesho. Siku utakapoletewa karatasi ya kubomoa ili uitie sahihi, uliza kwanza mambo matatu: jengo hili lilijengwaje, kasoro yake hasa ni ipi, na ni nani aliyeacha kulitengeneza? Asiyeweza kukujibu, mwambie aiweke chini nyundo yake mpaka apate majibu.