MBOLEA SI CHUMVI YA MBOGA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii niliikumbuka muhula uliopita, siku mwalimu wetu wa Kilimo aliponituma stoo nikachukue majembe manne. Upande wa kulia kulikuwa na magunia ya mahindi na maharagwe, yaani githeri yetu ya kesho na kesho kutwa. Upande wa kushoto, hatua mbili tu kutoka hapo, kulikuwa na magunia ya mbolea ya kukuzia mahindi, ile tunayoiita CAN. Gunia moja lilikuwa limepasuka, punje zake zimetawanyika sakafuni hadi chini ya maharagwe. Pembeni palikuwa na mtungi wa dizeli ya jenereta. Na juu ya rafu, jamani, kulikuwa na debe la plastiki lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, limejaa nusu kitu cheupe, bila jina wala alama.

Nilimwuliza mpishi aliyekuwa akipima maharagwe, "Mama, hiki ni nini?"

Akalitazama debe. "Sijui, mwanangu. Nafikiri ni chumvi ya ng'ombe. Ama ni mbolea. Hebu uliza watu wa shamba."

Nikaenda shambani. Mfanyakazi wa huko akacheka. "Ile debe? Hiyo ni ya jikoni, bwana!"

Wasomaji wapenzi, wa jikoni wanasema ni ya shamba, wa shamba wanasema ni ya jikoni. Huku sisi wanafunzi ndio wenye tumbo. Hilo debe lisilo na jina ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maoni yangu ni kwamba mbolea ihamishwe kutoka stoo ya chakula, na ihamishwe muhula huu.

Tukiwa Kidato cha Pili tulifunzwa kuwa asidi ikikutana na besi huzaliwa chumvi. Basi si kila chumvi ni ya mboga! Asidi ya nitriki ikikutana na amonia huzaliwa nitrati ya amonia, chumvi nyeupe iliyo ndani ya mbolea nyingi duniani. CAN yetu ni nitrati hiyo iliyochanganywa na chokaa. Mahindi huipenda kwa sababu ina naitrojeni. Ila kilicho chakula cha mhindi si lazima kiwe chakula cha mtu.

Nitawapa kisa cha nyumbani. Mwaka 2022 jirani yetu alisuuza magunia matupu ya mbolea ili atilie mahindi, akayaacha maji yale kwenye karai uani. Ng'ombe wake akayanywa. Kabla ya jioni alikuwa chini, anahema kama aliyekimbizwa, na daktari wa mifugo alipofika alikuwa ameshakufa. Daktari alitueleza kuwa tumboni mwa ng'ombe nitrati hugeuka nitriti, na nitriti ikiingia katika damu, damu hubadilika rangi ikawa ya kahawia na haiwezi tena kubeba oksijeni. Mnyama hukosa pumzi na hewa imemzunguka tele. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya watoto wawili. Binadamu naye hasalimiki akiila nitrati kwa wingi, na watoto wachanga ndio wepesi zaidi kudhurika. Sasa fikirieni mpishi mgeni, saa kumi na moja alfajiri, stima zimepotea, anatafuta chumvi ya kutia katika sufuria ya watu mia sita.

Fauka ya hayo, kuna jambo la moto. Nitrati ya amonia yenyewe haishiki moto kama karatasi. Kazi yake ni kuupa moto oksijeni, na moto uliopata oksijeni ya bure hauzimiki kwa kufunikwa gunia. Tena ikipashwa joto sana hutoa moshi wa sumu. Ndiyo maana haifai kukaa karibu na dizeli, petroli, makaa, nyasi kavu wala mbao chakavu. Nayo stoo yetu imeiweka mkabala na mtungi wa dizeli kama bibi na bwana harusi!

Mnikubalie niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna mji ulioona mwisho wa uzembe wa aina hii. Mwaka 2013 meli iitwayo Rhosus ilitoka Georgia ikielekea Beira, Msumbiji, pwani hii hii yetu ya Afrika Mashariki na kusini yake. Ilikuwa imebeba tani 2,750 za nitrati ya amonia. Ilitia nanga Beirut, Lebanoni, ikazuiliwa huko, na mwaka 2014 shehena yake ikawekwa katika ghala la bandari. Maofisa wa forodha waliandika barua za kuonya. Barua zikaenda, miaka ikapita, magunia yakabaki pale pale. Tarehe 4 Agosti 2020 moto ulizuka ghalani. Mlipuko uliofuata uliua watu zaidi ya 200, ukajeruhi maelfu na kuacha watu wapatao 300,000 bila makao.

Kinachonitisha katika habari hiyo si zile tani. Ni zile barua. Watu walijua, kila mmoja akadhani wa kuondoa ni mwingine. Tofauti ya ghala lile na rafu yetu ni ukubwa, lakini ugonjwa ni ule ule: mali isiyo na mwenyewe.

Najua kuna watakaosema, "Huyu anatutisha na mambo ya maabara. Mbolea imekaa stoo hii tangu zamani na hakuna aliyekufa." Nakiri, simwambii mtu kwamba shule italipuka kesho. Chokaa iliyomo katika CAN huipunguzia makali, na magunia yetu machache si tani 2,750. Lakini kutokufa jana si cheti cha kuishi kesho. Na hata tuusahau mlipuko kabisa, bado sumu katika sufuria inabaki, na moshi wa sumu unabaki, na mabweni yako mita chache tu kutoka stoo.

Wengine watauliza, "Pesa ya kujenga stoo nyingine itatoka wapi?" Ndugu zangu, hatuhitaji kujenga. Nyuma ya zizi kuna chumba cha mawe chenye paa la mabati na madirisha mawili, ambacho leo ni makaburi ya madawati mabovu. Madawati yapelekwe kwa fundi. Chumba kifagiliwe. Mbolea ipangwe juu ya vipande vya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, maana chumvi hii hunywa unyevu ikaganda kama jiwe. Dizeli isikanyage huko. Chokaa na jivu pia visichanganywe nayo, kwani amonia hutoroka ikatuwasha macho na mbolea ikapungua nguvu. Hii ni kazi ya Jumamosi moja alasiri, na Klabu ya Kilimo ikikosa mikono, sisi wa Kiswahili tutakuja na yetu.

Aidha, kila chombo kiandikwe jina la kilichomo, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Chombo cha chakula kisitiwe mbolea, na gunia la mbolea lisitiwe chakula, hata lisuuzwe mara saba. Tuliotoka kunyunyiza mbolea tunawe kwa sabuni kabla ya kushika mandazi. Ufunguo uwe na mtu mmoja, awe na daftari, na jina lake libandikwe mlangoni. Hapo hakuna atakayesema, "Uliza watu wa shamba."

Kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu, nawaomba msiione makala hii kama utovu wa adabu. Mtoto akiona nyoka uani hangoji awe mzee ndipo apige kelele. Na kwenu wanafunzi wenzangu, mkitumwa stoo mkakuta punje nyeupe sakafuni, msizipige teke mkaenda zenu. Semeni.

Lile debe bado liko rafuni. Nilililichungulia juzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kumzuilia sumu aliyekwisha kula haujajengwa bado.