Glavu si uoga, baridi haina shujaa

Timu ya Bongo ikicheza ugenini kaskazini mwa Afrika kati ya Desemba na Februari, vijiweni huibuka mjadala uleule. Kamera ikimnasa mchezaji kavaa glavu na skintaiti, ananangwa: mlaini huyo, kaenda kupiga picha. Anayetetemeka na jezi moja anasifiwa kuwa ana moyo.

Kasumba hii ife. Wa kuizika ni watu ambao baridi ndiyo kazi yao: wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao.

Hukohuko Morocco, walikopambana Taifa Stars kwenye AFCON 2025, kuna kijiji cha Taghazout, kilometa kama 20 kutoka jiji la Agadir. Mawimbi yake matamu huja majira ya baridi, wakati maji yakiwa nyuzi joto 17 hivi. Aliyezoea Coco Beach atasema yametoka kwenye friji. Lakini kuna wenzao wanaoteleza Thurso, kaskazini mwa Scotland, na Unstad, Norway, ambako theluji hufika hadi ufukweni.

Hakuna anayeingia huko kwa kutunisha kifua. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Ukiingia bila kinga kwenye maji ya barafu, dakika ya kwanza pumzi inakata, na ndani ya dakika kama 10 vidole vinagoma. Vidole vikishagoma, ubao haushikiki, hata uwe na moyo wa simba.

Dawa yao ni vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia Hugh Bradner wa California alibuni suti ya neoprini, mpira wenye vipovu vya gesi ndani. Jack O'Neill, aliyefungua duka San Francisco mwaka 1952, akawa miongoni mwa waliozisambaza kwa wateleza mawimbi. Suti hiyo haizuii maji yote. Yanaingia kidogo, mwili unayapasha, na mpira unalinda joto hilo. Ndiyo maana lazima ibane. Ikipwaya, kila wimbi linaleta maji mapya ya baridi. Kwenye maji makali wanavaa ya milimita 5 au 6, pamoja na viatu, glavu na kofia ya mpira.

Kisha kuna nidhamu. Wanapasha misuli nchi kavu kabla ya kuingia. Wakitoka, nguo mbichi zinavuliwa haraka, zinavaliwa kavu, na kinachonywewa ni chai ya moto. Pombe haisaidii, kwa sababu inatanua mishipa ya ngozi na kuliacha joto litoroke. Na mikono ikianza tu kuwa mizito, wanatoka. Hawasubiri kuishiwa nguvu ndipo wakumbuke ufukwe ulipo.

Wapo watakaosema soka ni kukimbia, joto litakuja lenyewe. Kwa kiungo anayekata mbuga dakika 90, sawa. Vipi kipa aliyekaa nusu saa bila kugusa mpira? Vipi straika aliyeganda benchi hadi dakika ya 75, kisha anaambiwa akafukuzane na beki? Huyo akishika nyama za paja, jukwaa litamwita galasa, kumbe aliyemwangusha ni aliyempeleka kwenye baridi bila koti.

Klabu zikae chini zijipange. Ratiba ya safari inajulikana mapema na hali ya hewa inaangaliwa kwenye simu. Mtunza vifaa apewe bajeti ya makoti ya benchi, glavu, soksi za akiba na mashati ya ndani. Sheria namba 4 ya soka inaruhusu shati la ndani, mradi rangi yake ifanane na ya mkono wa jezi. Makoti si anasa kwa klabu inayoweza kumpa mchezaji mmoja fedha ndefu ya usajili.

Mashabiki nao wampime mchezaji kwa pasi zake, si kwa glavu zake. Anayevaa vizuri kwenye baridi hajaogopa mechi. Kajiandaa kuicheza hadi mwisho.