Barua Pepe Haipigiwi Ramli

Kila mwaka, Januari hadi mwisho wa Machi, kuna ramli inayopigwa kwenye saiba za Olympic kule Kibera na za Gatina kule Kawangware, na waganga wenyewe ni vijana waliopata A kwenye hesabu. Barua pepe imeingia kutoka chuo fulani Marekani: ofisi ya msaada wa fedha bado inasubiri hati ya mapato ya mzazi. Basi. Picha inapigwa, inarushwa kwenye kikundi cha WhatsApp, tafsiri zinaanza. Wangetaka kukukataa, wangejisumbua kuuliza mathe analipwa ngapi? Wameandika "ukijiunga" ama "utakapojiunga"? Na mbona imetumwa saa nane usiku? (Kwa sababu kwao ni jioni, ndugu yangu.)

Mimi nasema hiyo barua haijakuambia kitu. Ulipoweka alama kwenye kisanduku cha kuomba msaada, mfumo ulianza kuhesabu karatasi zako, na ikikosekana moja kikumbusho kinajituma chenyewe. Atakayeitwa anakipata. Atakayekataliwa pia anakipata, tena kwa maneno yaleyale.

Wataniambia dalili ya mvua ni mawingu. Mtu wa Nairobi anasemaje hivyo? Julai nzima mawingu yametanda, umevaa sweta mbili, na tone halianguki.

Kuna jambo wanaopiga ramli hawalitaji. Vyuo vichache tu, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwemo, vinasema havitazami uwezo wa kifedha wakati wa kuamua nani aingie, hata kama mwombaji ametoka nje ya Marekani. Huko karatasi za mathe hazisongezi uamuzi mbele wala nyuma. Vilivyobaki, karibu vyote, hutazama. Ukiomba pesa nyingi, hiyo ni sababu moja ya kukuacha nje. Kwa hivyo wanapokuuliza mapato, huenda wanapiga hesabu ya gharama yako, na hesabu hiyo inaweza kukutoa. Wewe unaisoma kama barua ya posa.

Sitaki mtu acheke hawa vijana. Hebu tazama walichoulizwa kabla ya hapo. Fomu ya CSS Profile inataka thamani ya nyumba ya familia, akiba ya benki, faida ya biashara kwa mwaka. Gatwekera nani ana hati ya nyumba? Mathe anauza nguo za mitumba Toi, wiki hii mzigo umetoka vizuri, wiki ijayo mvua imeharibu soko. Buda ni wa mjengo, analipwa jioni, pesa mkononi. Stakabadhi ya mshahara itoke wapi? Kwa hivyo unaenda kwa chifu kuomba barua, unapanga foleni, halafu unachapisha taarifa ya M-Pesa ya mathe. Na mathe, kwa bahati mbaya, ndiye mweka hazina wa chama. Pesa za wanawake ishirini zimepita kwenye simu yake. Ukisoma karatasi hiyo ukiwa ofisini Boston utadhani familia inaendesha duka la jumla. Sasa kijana wa miaka kumi na minane anakaa chini kuandika, kwa Kiingereza cha heshima, kwa nini pesa za mamake si za mamake.

Mtu akishaanika umaskini wa nyumbani hivyo, mbele ya watu asiowajua, jibu lolote litamgusa, hata likiwa la mashine. Ndiyo maana lawama yangu ya kwanza naiweka kwa vyuo. Vina pesa za kutengeneza video za wanafunzi wakicheka kwenye nyasi. Vinashindwa kuweka sentensi moja juu ya barua: "Ujumbe huu hutumwa kwa kila aliyeomba msaada na hauonyeshi uamuzi wetu." Mbona haipo?

Lawama ya pili ni kwa kaka na dada zetu waliotangulia. Mko huko tayari, mnaonyeshwa picha ya barua, mnajibu "hiyo ni dalili poa sana!" na kuongeza moto mbili. Mnajua hamjui. Neno lenu mtaani lina uzito kuliko la mwalimu mkuu, na kuna mama Laini Saba ambaye tayari ameambia kanisa.

Na tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa Marekani pekee. Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu uletwe 2023, ramli imehamia nyumbani. Hapa umeshapata nafasi chuoni, lakini unajaza maswali kwenye tovuti ya HEF, halafu unasubiri bendi. Bendi ya 1, ufadhili wa serikali ni asilimia 70, mkopo 25, familia inabaki na 5. Bendi ya 5, familia inabeba 40. Watu wa ploti moja, wanaotumia choo kimoja, wamewekwa bendi tofauti, na kila mmoja anatafuta maana: ni kwa sababu niliandika tuna stima? Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwanafunzi wa Kabiro anatakiwa asome nini hapo, SMS au magazeti ya sheria?

Hasara ya ramli inaonekana hapa. Kijana aliyejiaminisha kwamba ameshaitwa ng'ambo haangalii dirisha la KUCCPS likifunguliwa. Anaona kulipa ile 1,500 ni kama kukosa imani. Jibu la Marekani linatoka mwisho wa Machi, ni la, na ile kozi ya uhandisi aliyoitosha kwa alama zake imejaa watu wengine. Hiyo pia hakuna barua inayomwonya.

Kwa hivyo ukiulizwa hati, itume, siku hiyohiyo kama bando ipo. Weka karatasi moja ya ziada inayoeleza hesabu ya chama, na mathe atie sahihi. Halafu funga hiyo imeli, fungua tovuti ya KUCCPS, na ujaze kozi zako zote kama mtu ambaye hajaandikiwa na yeyote.