Momo Hajafika Tunduma, Dubwi Limefika

Ilikuwa 2019, saa nne usiku, simu ikalia. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Sauti ya mwanamke anayehema kama anakimbizwa: wazazi, wanyang'anyeni watoto simu sasa hivi, kuna kitu kinaitwa Momo kimeingia mtandaoni, kinawaamuru watoto wajiue. Hakusema yeye ni nani. Hakusema yuko mji gani wala habari hizo kazipata kwa nani. Alichosema ni kwamba tuitume kwa makundi kumi. Nusu saa haikupita, chini ya ile sauti ikajaa mikono ya kuomba. Na mimi, mwandishi wa habari niliyekaa chuo kikuu miaka mitatu nikifundishwa kuuliza "nani kasema?", nikaifowadi kwa dada yangu, nikalala usingizi mzuri kabisa, nikiamini nimelinda watoto.

Makala hii naiandika kwa sababu ya ule usingizi.

Momo wengi mnamkumbuka: uso wa mwanamke, macho yametoka, mdomo umechanika hadi mashavuni, miguu ya ndege. Ile ilikuwa sanamu. Aliitengeneza msanii wa Japani, Keisuke Aiso, ikaonyeshwa Tokyo mwaka 2016, na haikuwa na uhusiano wowote na mchezo wa simu. Februari 2019 Uingereza ilitaharuki, shule zikawaandikia wazazi, polisi wakatoa tahadhari. Mashirika ya kulinda watoto ya kulekule yakasema hayajaona ushahidi wa mtoto aliyedhurika kwa sababu ya Momo. Mwezi uliofuata msanii mwenyewe akasema ile sanamu alishaitupa, maana ilikuwa imeoza. Yaani wazazi wa Tunduma tulikuwa tunakimbia zimwi lililokwisha kuoza Japani. Na hatukuwa wa kwanza: mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Blue Whale, uvumi uliotokea Urusi, na Kenya ikafika hatua Bodi ya Filamu ikatoa onyo.

Wiki tatu baada ya ile sauti, mpwa wangu wa miaka kumi na tatu alirudishwa nyumbani. Alikuwa anakaa kwangu siku ambazo mama yake anavuka kwenda Nakonde kwenye biashara ya vitenge. Mchango wa chakula haujalipwa, walisema shuleni. Lakini mimi nilimpa shilingi elfu ishirini mkononi. Nikamkalisha.

"Pesa iko wapi?"

"Mjomba, ilibaki kidogo tu irudi yote."

Hilo jibu sijalisahau. Mtoto hakusema imepotea wala imeibiwa. Alisema ilibaki kidogo irudi. Hivyo ndivyo anavyoongea mcheza kamari wa miaka hamsini, na nilikuwa nalisikia kwenye mdomo wa mtoto ambaye sauti yake haijavunjika.

Elfu ishirini ilikuwa imebadilishwa kuwa sarafu za mia mbili na kuingia zote kwenye dubwi. Kwa asiyejua: dubwi ni ile mashine ya kamari ya sarafu, wengine wanaiita bonanza, inayokaa vibandani na mabaa ikiwakawaka taa. Kibanda chenyewe nilikijua. Nilikuwa namtuma mpwa wangu vocha palepale, na mara nyingi nimesimama mlangoni nikisubiri chenji huku watoto wenye sare wamejazana nyuma ya pazia. Niliwaona, ila sikuwaangalia. Mwenye kibanda tulikuwa naye kwenye kundi la wazazi. Usiku wa Momo na yeye aliweka mikono ya kuomba.

Sasa tuongee kuhusu hii mashine, maana Momo tumemwongelea vya kutosha. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha zamani kwamba mnyama anayepewa chakula kila anapobonyeza kitufe, ukiacha kumpa, anakata tamaa mapema. Lakini yule anayepewa mara moja moja, bila kujua lini, anaendelea kubonyeza muda mrefu kweli. Dubwi linafanya kazi hivyo hivyo. Linatema sarafu tano leo ili likuvute umpelekee hamsini kesho. Halina huruma na halina bahati; limepangwa ili kwa wingi wa mizunguko mwenye mashine abaki na zaidi. Mtu mzima anayelijua hilo bado analewa. Mtoto wa darasa la saba ana silaha gani?

Na asiyefika kibandani, kamari inamfuata mfukoni. Kuna Aviator, kile kindege kinachopaa na namba zinapanda, ukichelewa kutoa pesa kinatoweka nazo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini laini anayotumia mtoto imesajiliwa kwa alama ya kidole cha baba yake. Mtandao unaamini anayecheza ni baba. Kidole ulitoa wewe mzazi, kwa hiari yako, kisha unatafuta adui Japani.

Mji wetu una historia ndefu ya kutazama mbali. Tunduma ni mji wa kupita: malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni, reli ya TAZARA inavuka, kwacha na shilingi zinabadilishwa mkono kwa mkono. Kila balaa tunasema limeletwa, limetoka ng'ambo. Haya, tuchukue viroba. Zambia walipiga marufuku pombe za vifuko, wao wakiziita tujilijili, Aprili 2012. Kwetu viroba viliendelea kuuzwa kihalali hadi tarehe 1 Machi 2017, marufuku iliyotangazwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ilipoanza. Kwa karibu miaka mitano, kwenye mpaka unaovukwa kwa miguu, kifuko kilekile kilikuwa haramu upande wao na halali upande wetu. Nani alikuwa anamletea nani balaa?

Na kiroba hakikuwa zimwi. Kilikuwa na kiwanda, lebo na bei ya mia tano, kikaingia vizuri kwenye soksi ya mwanafunzi. Kiliuzwa na watu tunaosalimiana nao. Sikumbuki hata sauti moja ya kuhema ikisambazwa kwa makundi kumi kuhusu kiroba.

Hapa nataka nigeukie vitabu, maana ndugu wasomaji wa ukurasa huu mnajua kwamba Kiswahili kina desturi kongwe ya kuonya watoto. Mwana Kupona binti Msham aliandika utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Anaanza kwa kumwita mtoto akae karibu na kumtaka alete wino na karatasi. Shaaban Robert naye aliwaandikia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mvulana. Maonyo hayo yana mwenyewe. Tunajua nani anaongea, anaongea na nani, na kwa nini. Ndiyo maana hadi leo tunaweza kubishana nayo. Wapo wanaomlaumu Mwana Kupona kwa jinsi alivyomfundisha binti kumtii mume, na wana haki ya kumlaumu, kwa sababu aliweka jina lake. Ile sauti ya usiku utabishana nayo vipi? Haina mama, haina mtaa. Ni onyo la yatima.

Halafu yuko Zakaria. Waliosoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) wanamjua: baba mlevi wa Ukerewe, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamlinda kwa fimbo, hamwambii kitu kuhusu dunia, na mlinzi mwenyewe ana chupa mkononi. Rosa anapofika mahali ambapo fimbo haifiki, hana alichofundishwa. Na sisi kama taifa tulifanya nini na kitabu hicho? Tulikipiga marufuku mashuleni kwa muda, tukisema kitaharibu vijana! Riwaya iliyowaonya wazazi ndiyo iliyoitwa hatari. Kundi letu la WhatsApp ni Zakaria tu, amepata bando.

Najua jibu linalokuja. "Bora kuonya hata kwa jambo lisilo na uhakika kuliko kunyamaza." Sikubali. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaijua simu kuliko wewe. Dakika tano zinamtosha kugundua kwamba Momo ni sanamu. Akishagundua, umetumia imani yake yote kwenye uongo, na siku utakapomwambia kuhusu dubwi atakuona ni walewale. Kijiji kilichopigiwa kelele za simba kila usiku hakitoki siku simba akija.

Jibu la pili ni zito zaidi: mashine zina leseni, zinalipa kodi, mwenye kibanda ana watoto wa kusomesha. Sawa. Kiroba nacho kililipa kodi. Leseni ni ya kumhudumia mtu mzima, na anayemwona mtoto mwenye sare akidondosha sarafu na kunyamaza hana leseni ya hilo. Kama ada ya mwanao inatoka kwenye ada ya mwanangu, tukae tuongee, maana hapo hatuna maadili ya vijana ya kujadili. Tuna wizi kati ya wazazi wawili.

Na ninyi wadogo zangu mnaosoma hapa, sitawatisha. Nawaambia hesabu tu. Ile "ilibaki kidogo" imetengenezwa makusudi. Mashine inakuonyesha kwamba ulikaribia kwa sababu anayeona kakaribia harudi nyumbani. Ukiona rafiki yako anahesabu alichokaribia kupata badala ya alichonacho, mvute mkono mwondoke. Na kama umeshapoteza pesa ya shule, sema leo. Kipigo unachokiogopa ni kidogo kuliko deni utakalolitengeneza ukitaka kulificha.

Mimi nilichofanya ni kidogo. Nilirekodi sauti yangu kwenye lile kundi. Nikataja jina langu, nikataja mtaa, nikasema kibanda kilipo, pazia lina rangi gani, na kwamba mpwa wangu amepoteza elfu ishirini pale wakati mimi nikisubiri chenji nje. Hakuna aliyeweka mikono ya kuomba. Kundi lilikaa kimya siku nzima. Mwenye kibanda akatoka kwenye kundi bila kuaga. Wazazi wawili wakanipigia pembeni, mmoja kunilaumu kwamba nimemvunjia mwenzetu heshima, wa pili kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mwanawe pia. Tuliongozana yule wa pili na mimi hadi ofisi ya mtaa. Mashine iliondolewa. Baada ya mwezi ilikuwa kibanda cha pili, mtaa wa nyuma, na pazia jipya.

Kwa hiyo sijashinda, na sitaki mtu aniambie hongera. Ninachoomba ni hiki. Sauti nyingine ya kuhema itakuja, pengine wiki hii, yenye zimwi jipya kutoka nchi usiyoijua. Kabla hujaifowadi, vaa viatu. Toka hadi geti la shule ya mwanao, tembea hatua mia kila upande, angalia nini kinauzwa na nani anakiuza. Halafu rudi ukawaambie wenzako ulichokiona, kwa jina lako.