Sheria ya Berlin yagusa ardhi ya Mombasa

MJERUMANI si mgeni mpya Mombasa. Mwaka 1844 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika kisiwani humo, na mwaka huo huo akamzika mkewe, Rosine, upande wa bara unaotazamana na Mji wa Kale.

Waliofuata karne iliyopita walikuja kwa sababu nyingine. Ndege za kukodi ziliwaleta kwa wiki mbili za jua, wakapita Mji wa Kale kwa saa chache, wakapiga picha Fort Jesus na milango ya nakshi, kisha wakarejea hotelini.

Baadhi yao walirudi kuishi. Wengi wa walowezi hawa ni wastaafu wanaotegemea pensheni, na makao yao hayako kisiwani bali Nyali, Mtwapa na Diani. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba nyingi ni za urithi wa jamaa au wakfu, mgeni hapati kiwanja kwa urahisi.

Katiba ya 2010 iliwawekea mpaka. Kifungu cha 65 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hata wageni waliokuwa na hatimiliki za kudumu waligeuziwa umiliki wao kuwa wa muda huo.

Ndipo ndoa ikawa njia. Mume hutoa fedha, mke Mkenya huandikishwa kuwa mwenye shamba. Mapenzi yakivunjika, mmoja hubaki na hati na mwingine na madai, na kesi huanza.

Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 15, inampa aliyeishi katika ndoa na Mkenya kwa miaka saba haki ya kuomba uraia. Kwa muda mrefu Wajerumani wengi walisita, kwani sheria ya kwao ilimvua uraia aliyejitwalia wa nchi nyingine bila kibali maalum. Kuanzia Juni 27, 2024, Ujerumani iliondoa kizuizi hicho.

Maana yake ni nzito. Anayesajiliwa kuwa raia hafungwi tena na kifungu cha 65. Anaweza kununua kwa jina lake, katika eneo ambalo maelfu ya wenyeji wangali maskwota kwenye ardhi ya babu zao.

Si haki kumlaumu mstaafu anayefuata sheria. Wanandoa nao wanaweza kujikinga, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inawaruhusu wachumba kuandikiana mapatano kabla ya kuoana. Mzigo mkubwa uko kwa serikali, ambayo imekawia kuwapa wenyeji hati kwa miongo mingi.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mpwani hana kinyongo na jembe hilo. Anauliza tu litalima shamba la nani.