Zimeni Spika, Tuimbe

Viongozi wa msafara wetu, mwakani liacheni nyumbani lile gari la spika. Tulitoka Busia kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, kuhiji Juni 3. Siku mbili spika ziliimba, sisi tukasikiliza tu kama abiria wa matatu. Siku ya tatu jenereta ikazima. Mama mmoja, miguu imevimba, akaanzisha wimbo. Tukaitikia kwa sauti zilizokauka, hatua zikafuata mdundo. Mimi niliyekuja tu kumsindikiza mathe nikajipata nasali. Wafiadini waliochomwa Namugongo 1886 hawakuhitaji kinanda. Eti spika zinavuta vijana? Wapi! Spika tunazo mtaani, usiku kucha. Hija tulitaka kuimba wenyewe.